Baba alitubu siku tatu kabla ya kufa, mimi nimebaki na hasira

Shikamoo Mchungaji,

Barua hii nimeiandika mara nne nikaifuta. Leo naituma hivi hivi ilivyo, naomba unisome kwa uvumilivu.

Baba yangu alifariki miezi miwili iliyopita. Mimi ndiye mtoto wake wa kwanza, nina miaka 41. Najua marehemu hasemwi vibaya, lakini nisipousema ukweli hutanielewa. Baba alikuwa mkatili. Tangu napata akili namwona anampiga mama. Alituacha nikiwa na miaka 12, akarudi nikiwa na 19 baada ya kuishiwa kila kitu, mama akampokea. Ada ya shule ya mdogo wangu aliinywea pombe. Mama alikuwa na desturi ya kupiga magoti kando ya kitanda kila alfajiri kumwombea, naye baba akimcheka kwa sauti: "Huyo Mungu wako mbona hajakupa mume mwingine?" Nililala chumba cha pili, ukuta mmoja. Nilisikia vyote viwili, sala na kicheko.

Mwaka huu kiharusi kikampiga. Upande wote wa kulia ukafa na maneno yakapotea, akabakiwa na sauti moja tu, "ba, ba". Mama akamwita mchungaji wetu hospitalini. Akamsomea Neno, akamwombea, kisha akamwambia: "Mzee, kama unatubu dhambi zako na unampokea Yesu awe Mwokozi wako, nibane mkono." Baba akabana. Alibana kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa ule wa kulia, aliokuwa akimpigia mama, haukuwa na uhai tena. Mama alilia mpaka akakaa chini sakafuni. Siku ya tatu baba akakata roho.

Kwenye mazishi mchungaji alisimama akatangaza kwamba mzee ameokoka, yuko mbinguni na malaika wanashangilia. Watu wote wakaitikia amina. Mimi nilikuwa nimekaa mstari wa mbele, mdomo haukufunguka. Mchungaji, nimeimba kwaya tangu nina miaka 15. Kuna mambo mengi nimeyakataa kwa ajili ya Mungu, na mengine niliyataka sana. Mama amevumilia ndoa ile miaka 43. Halafu mtu anabana mkono mara moja, tunaambiwa tutakaa naye meza moja. Kama ndivyo, sisi tulikuwa tunahangaika nini?

Mdogo wangu wa kiume yeye kalichukua kwa namna yake. Tulipokuwa tunatoka makaburini aliniambia huku anacheka: "Umeona, dada? Mzee kala dunia yake na mbingu kapewa. Na mimi nitatubu nikizeeka." Tangu siku hiyo hajakanyaga kanisani, na pombe anakunywa kama baba.

Kuna jambo jingine sijamwambia mtu. Siku ile mchungaji alipoondoka, mama alitoka nje kidogo nikabaki na baba peke yetu. Sijui nilisukumwa na nini, nikaweka mkono wangu ndani ya ule mkono wake wa kushoto. Akaubana. Hakuuachia. Akawa ananitazama anasema "ba, ba, ba", machozi yanashuka upande mmoja wa uso. Nikauchomoa mkono wangu nikaenda kusimama dirishani, nikampa mgongo mpaka mama aliporudi. Sikumgusa tena hadi alipokufa.

Sasa mama anataka jiwe la kaburi liandikwe "Amelala katika Bwana", na kazi ya kwenda kwa mchonga mawe nimepewa mimi. Nimefika mlangoni kwake mara mbili nikageuka. Nikiandikisha maneno yale naona nitakuwa nimesema uongo mbele za Mungu. Nikikataa nitamuumiza mama, naye ameshaumizwa vya kutosha.

Je, mtu anaweza kuokoka hivyo kweli? Na kwenye jiwe niandike nini?

Ni mimi, Mtoto wa Kwanza

*

Marahaba, binti yangu.

Pole kwa msiba. Na pole kwa miaka yote iliyoutangulia msiba, maana sidhani kama kuna aliyewahi kukupa pole kwa hiyo.

Nikujibu swali lako la kwanza mapema ili usisome ukiwa na moyo juu juu. Ndiyo, mtu anaweza kuokoka saa yake ya mwisho kabisa. Siwezi kukuambia vinginevyo nikabaki mhubiri wa Injili. Paulo anawaandikia Waefeso kwamba tumeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, wala si kwa matendo, mtu yeyote asije akajisifu. Kama wokovu ungekuwa mshahara, baba yako asingekuwa na muda wa kuufanyia kazi, hilo ni kweli. Lakini hata wewe na kwaya yako ya miaka 26 msingeufikisha. Jambo hili makanisa yaligombana juu yake tangu karne ya 16, watu wakauana kwa ajili yake, na tarehe 31 Oktoba 1999 Walutheri na Wakatoliki wakatia saini pamoja mjini Augsburg, Ujerumani, wakikiri kwamba Mungu anatupokea kwa neema tu, katika imani, bila stahili yoyote ya kwetu, na kwamba tunampokea Roho Mtakatifu anayetufanya upya tutende mema. Zaidi ya hayo, sheria za Kanisa Katoliki za mwaka 1983, kanuni ya 976, zinampa padri yeyote, hata asiye na ruhusa ya kuungamisha, uwezo wa kumwondolea dhambi mtu aliye katika hatari ya kufa. Makanisa yana taratibu zinazotofautiana, lakini mbele ya mtu anayekata roho yote hukimbilia kufungua mlango, hayaufungi. Nami nasimama hapo hapo.

Ila kusema "mtu anaweza kuokoka" si sawa na kusema "baba yako yuko mbinguni, mimi nimeona". Mchungaji wenu, kwa huruma yake, alitangaza zaidi ya alichokuwa na uwezo wa kukiona. Simlaumu; nami nimewahi kusema hivyo kwenye makaburi, kwa sababu mjane alikuwa ananitazama. Kiharusi kinachoua upande wa kulia wa mwili kimepiga upande wa kushoto wa ubongo, na kwa watu wengi huko ndiko lugha inakokaa. Mgonjwa wa namna hiyo anaweza kupoteza maneno yote ya kusema na bado akaelewa kila anachoambiwa. Anaweza pia asielewe. Tena mkono wa mgonjwa mahututi unaweza kubana chochote kinachowekwa kiganjani, hata bila yeye kukusudia. Basi kile kilichopita kati ya baba yako na Mungu siku ile hakikupita kwenye macho ya mtu yeyote chumbani. Hukulazimika kusema amina, na kunyamaza kwako hakukuwa kumkana Kristo.

Sasa twende kwa yule mhalifu msalabani, maana najua umeshasomewa habari zake mpaka umemchoka. Watu humtaja kana kwamba alikuwa na neno la siri, akalitamka, mlango ukafunguka. Msome upya. Mathayo na Marko wanasema wote wawili waliosulubishwa pamoja na Yesu walimtukana. Kwa hiyo saa tatu, walipotundikwa, huyu naye alikuwa mtukanaji. (Sisi tunaosoma Biblia kwa Kiswahili tuna neema hapa, saa za Injili zinahesabiwa kama zetu, tangu kuchomoza kwa jua.) Luka anayaweka maneno yake kabla ya giza la saa sita. Mahali fulani ndani ya saa zile, akiwa kwenye maumivu yale yale, mtu huyu aligeuka. Na angalia alivyogeuka. Alimkemea mwenzake: humwogopi hata Mungu? Akaikubali hukumu yake bila kumsingizia mtu: sisi tunapokea malipo tuliyostahili kwa matendo yetu. Akashuhudia kwamba Yesu hana kosa, wakati wanafunzi wengi wamekimbia. Hakuomba kushushwa; mwenzake ndiye aliyetaka hilo. Yeye aliomba akumbukwe, basi. Kama hiyo si imani, mimi sijui imani ni nini. Sala yake ilikuwa fupi kwa sababu pumzi ilikuwa fupi.

Kuna kipande cha habari hiyo ambacho mahubiri mengi hukiruka. Yohana 19 inasema jioni ile askari walikuja wakawavunja miguu wale wawili. Aliyeahidiwa na Yesu "leo hivi utakuwa pamoja nami peponi" alivunjwa miguu sawasawa na asiyeahidiwa. Na watu aliowadhulumu hatusomi popote kwamba walirudishiwa kitu siku ile. Mungu alimsamehe kweli, na hapa duniani deni likabaki bila mlipaji.

Nadhani hapo ndipo moyo wako umekwama, binti yangu, hata kama umeuliza habari za mbinguni. Baba yako alikuwa na deni kwa mama yako. Alikuwa na deni la ada kwa mdogo wako. Kwako alikuwa na deni la miaka saba ya kuondoka na la kila alfajiri uliyosikia kile kicheko. Zakayo alipotubu alisimama akasema nitarudisha mara nne, kwa sababu alikuwa na miguu ya kusimamia na mikono ya kuhesabia. Mlinzi wa gereza la Filipi alimwamini Bwana usiku, na Matendo 16 inasema saa ile ile ya usiku aliwachukua Paulo na Sila akawaosha majeraha yao, yeye aliyekuwa amewafunga miguu kwenye mkatale. Ninapenda sana mstari huo. Toba yake ya kwanza ilikuwa beseni la maji. Baba yako hakuipata nafasi hiyo. Ule mkono uliopiga ulikuwa umekufa kabla haujajifunza kuosha. Hicho ndicho kilichopotea kwa kuchelewa, na hakuna mahubiri ya mazishi yanayoweza kukirudisha. Una haki ya kukililia. Hasira yako siiiti dhambi, naiita msiba mwingine ambao haujafanyiwa mazishi.

Lakini kuna maneno yako ambayo sitayaacha yapite: "sisi tulikuwa tunahangaika nini?" Haya nakujibu kama baba.

Unaukumbuka mfano wa Mathayo 20. Mwenye shamba la mizabibu alitoka alfajiri kuajiri vibarua, akatoka tena saa tatu, saa sita, saa tisa, na saa kumi na moja, jua linakaribia kuzama. Jioni wote wakapewa dinari moja moja, na wale wa alfajiri wakanung'unika. Kila mara tukisoma tunawahurumia kwa jua lililowachoma. Nani amewahi kuwahurumia wale waliosimama sokoni kutwa nzima? Mtu asiye na kazi hastarehe pale sokoni. Anatazama kivuli kinavyorefuka na anajiuliza jioni atarudi nyumbani na nini. Wa alfajiri alichoka, lakini tangu asubuhi alijua ni wa nani na jioni ataipata wapi.

Mdogo wako anasema mzee alikula dunia. Nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta mahali alipokula. Naona mtu aliyekimbia nyumba yake, akarudi mikono mitupu, akamcheka mtu pekee aliyekuwa anamwombea, na mwisho wa maisha yake alipotaka kusema kitu akakuta amebakiwa na "ba". Sioni karamu. Wewe uliimba miaka 26. Uliyoyakataa uliyakataa, na baadhi yanauma hadi leo, sitakuambia hayaumi. Ila jiulize ukiwa peke yako: kama ungejua siku ile una miaka 15 kwamba mlango utakuwa wazi hadi dakika ya mwisho, ungependa kuishi bila Yeye miaka hii yote, uje umkute kitandani? Kama jibu ni ndiyo, basi zungumza na Mungu kuhusu hilo kwa uwazi, maana inawezekana kuna mahali umekuwa unamtumikia kwa kuogopa, na Yeye angependa ukae naye kama mtoto. Sikulaumu, ndugu mkubwa wa mwana mpotevu naye alifanyiwa hivyo hivyo. Baba alitoka nje kumbembeleza, hakumkemea.

Hapo naomba niseme jambo moja kwa sauti, kwa ajili yako na kwa ajili ya mwanamke yeyote atakayeisoma barua hii. Kupigwa kwa mama yako hakukuwa kazi ya shambani kwa Bwana. Mungu hakumwajiri mama yako apigwe. Aliyoyafanya kwa imani, yale magoti ya alfajiri, Mungu anayajua moja moja. Yale makofi hayakuwa msalaba aliotwishwa na Kristo, yalikuwa dhambi ya mtu mwingine juu ya mwili wake. Mtu asitumie toba ya baba yako kuwaambia wake wengine wakae wavumilie mpaka mume atakapobana mkono. Mwanamke anayepigwa atafute usalama kwanza, na maombi yanaweza kuendelea akiwa mahali salama.

Kuhusu mdogo wako nitasema kidogo, kwa kuwa yeye hajaniuliza. Anadhani ameupata ufunguo, lakini vibarua wa saa kumi na moja hawakuwa wameitwa alfajiri wakasema "tutakuja jioni". Walipoulizwa kwa nini wamesimama, walijibu hakuna mtu aliyewaajiri. Hakuna kibarua katika mfano ule aliyeusikia mwito wa kwanza akauahirisha kwa hesabu. Wazo lake si geni lakini. Katika karne ya 4 wengi waliahirisha ubatizo hadi karibu na kufa ili waondolewe dhambi zote kwa mkupuo. Hata Kaisari Konstantino alibatizwa mwaka 337, akiwa kwenye ugonjwa wake wa mwisho. Wachungaji wa enzi zile, Basili na Gregori wa Nazianzo, walilipinga jambo hilo kwa nguvu. Gregori aliwasihi watu waje wangali na akili zao na ulimi wao. Tazama basi, ulimi ndio uliomtoka baba yako.

Nakumbuka mzee mmoja niliyekuwa nikimtembelea. Kila nikigusia habari hii aliniambia kwa upole kabisa, "Bado, Mchungaji, muda ninao." Na kweli alikuwa nao, miezi. Mara ya mwisho nilimkuta anachambua nyuzi za blanketi kwa vidole, anazivuta moja moja kama mtu anayetafuta kitu kilichodondoka. Nilimwita jina lake. Aliniangalia kama unavyoangalia ukuta. Hakuwa amemkataa Mungu siku ile. Hakuwepo wa kukataa wala wa kukubali. Nilimwombea, nikamwachia Mungu aliye na rehema kuliko mimi. Lakini niliporudi nyumbani sikula.

Hilo ndilo tatizo la mpango wa mdogo wako. Neno lenyewe kutubu tumelipata kutoka Kiarabu, na huko asili yake ni kurudi. Anayesema "nitarudi baadaye" miguu yake haijasimama kumngoja, inazidi kwenda. Moyo uliozoeshwa miaka 40 kusema bado, uzeeni unasema nini? Unasema kile ulichozoea. Paulo aliliuliza mwenyewe swali kama hilo, tudumu katika dhambi ili neema izidi kuwa nyingi? Akajibu hasha.

Usimhubirie, hatakusikia. Mweleze ulichokiona wewe peke yako chumbani. Yeye alimwona baba kwenye jeneza, amenyooshwa na kuvalishwa, na akasikia habari za malaika. Hakuziona zile juhudi za kutafuta neno moja.

Na sasa ule mkono wako.

Kwanza, wokovu wa baba yako haukuwa umening'inia kwenye vidole vyako. Ulipochomoa mkono hukumnyang'anya Mungu. Ulikuwa binti aliyeumizwa miaka mingi, aliyeshikwa ghafla na mkono wa mtu aliyemuumiza, na mwili wako ukafanya ulichofanya. Ukiona ni dhambi, iungame kama unavyoungama nyingine na uamini umesamehewa. Mimi naiona kama jeraha lililoguswa.

Pili, nikuambie kitu ambacho sikukitegemea nilipoanza kuijibu barua hii. Mkono wa mchungaji baba yako aliubana kwa kuombwa. Wako hakuombwa. Hukumwuliza swali, hukumwambia bana. Siapi kwamba nakijua kilichokuwa moyoni mwake. Nimeshakuambia mkono unaweza kubana wenyewe, na machozi ya kiharusi nayo yanaweza kushuka bila kuitwa. Lakini kama ningetumwa kutafuta toba ya mtu huyu ilikuwa wapi, nisingeanzia kwenye ule mkono uliotangazwa makaburini. Ningeanzia kwenye huu ambao hakuna aliyeuona, mtu aliyekuwa na deni kwa mwanawe wa kwanza, amemshika, na anahangaika kusema kitu. Inawezekana wewe ndiwe shahidi pekee. Labda ndiyo maana huna amani.

Sikuambii umsamehe leo. Msamaha unaolazimishwa ukiwa bado hujaruhusiwa hata kutaja kosa huoza ndani. Keti mahali pa faragha umtajie Mungu aliyokufanyia baba yako, moja moja, kwa majina yake, bila kuyapamba wala kuyapunguza. Ukikosa maneno, Zaburi ya 88 inaanza na kilio na kuishia gizani, bila faraja yoyote mwishoni, na bado imo kwenye Biblia. Tafuta na mtu mmoja unayemwamini, mchungaji wako au mshauri anayejua majeraha ya nyumbani, umwambie habari za dirishani. Siri hiyo ni nzito kubebwa na mtu mmoja. Siku ukiweza kusema "Bwana, mpokee", sema. Hata kama itakuwa baada ya miaka, Yeye hafungwi na kalenda yetu.

Kuhusu jiwe, hutalazimika kusema uongo wala kumvunja mama moyo. Kaa naye kwanza, kabla ya kwenda kwa fundi. Mwambie unampenda, na kwamba maneno "Amelala katika Bwana" yanataka hakika ambayo wewe huna. Kisha mpe haya, Luka 23:42: "Nikumbuke utakapoingia katika ufalme wako." Ni sala ya mtu aliyechelewa, haijidai kitu. Mama yako atakapoisoma atasikia jibu la mstari unaofuata, kwa kuwa analijua kwa moyo, na atafarijika. Wewe utakapoisoma utakuta imemwachia Yesu neno la mwisho, wala hakuna aliyekulazimisha kulisema kwa niaba yake. Mama akishikilia maneno yake hata baada ya hayo, mwandikishie. Utakuwa umechonga ushuhuda wa mke aliyeomba miaka 43, na kila apitaye atajua ni wa kwake.

Ukienda kwa mchonga mawe mara hii ya tatu usiende peke yako. Mchukue mdogo wako, na yeye ndiye amsomee fundi maneno, herufi kwa herufi.

Wako katika Kristo,
Mchungaji